Anko Pedi Anajibu: Ile gari nyeusi iliyokuwa inagonga majambazi

Toleo lililopita nilikuwa naongelea magemu ya gari ya zamani, nikatupia mstari mmoja tu kuhusu "ile ya polisi mwenye gari nyeusi", nikapita zangu. Kumbe nimechokoza nyuki. Ujumbe umekuja kutoka Makorora, Chumbageni, Pangani, Muheza, hadi kuna mama mmoja Raskazone kaandika kwa hasira. Basi safari hii naacha maswali mengine yote, najibu haya. Yaliyofanana nimeyaunganisha, msinune.

*

Anko shikamoo. Mimi nimekulia Makorora, kuna jirani alikuwa anachezesha Sega sebuleni kwake, tunalipa kwa dakika. Kulikuwa na gemu unaendesha gari nyeusi unamfukuza jambazi wa gari nyeupe, ukimfikia unamgonga mpaka gari yake inafuka moshi. Wanangu wananiambia ni Need for Speed, mi nakataa ila jina silijui. Nisaidie niwanyamazishe.
Baba Watatu, Makorora

Marahaba baba. Kataa hivohivo, usilegee. Need for Speed ya kwanza imetoka 1994, hii yako ni mkubwa wake kwa miaka sita. Inaitwa Chase H.Q., hiyo H.Q. ni makao makuu, yaani makao makuu ya wafukuzaji. Wametengeneza Wajapani wa Taito, ikatoka 1988, na kwanza haikuwa ya nyumbani kabisa, ilikuwa mashine ya sarafu yenye usukani, mafuta, breki na gia mbili tu, ya chini na ya juu, na kwenye mkono wa gia kuna kitufe cha turbo, yaani cha kuisukuma gari ghafla. Kulikuwa na ya kusimama na kulikuwa na ya kukaa ndani kama uko kwenye gari kweli.

Wewe ni askari anaitwa Tony Gibson, pembeni yako kakaa mwenzio Raymond Broady. Kabla hujaondoka dada mmoja anaitwa Nancy anakuita kwenye redio ya polisi anakwambia nani katoroka na gari yake ni ya rangi gani. Wa kwanza ndo huyo wa gari nyeupe unayemkumbuka, anaitwa Ralph, muuaji wa Idaho. Anafuata Carlos, mwizi wa kutumia silaha wa New York, yeye na gari ya njano, afu wauza unga wa Chicago, afu mtekaji wa Los Angeles na gari ya bluu, wa tano na wa mwisho ni jasusi wa kambi ya Mashariki na gari nyekundu. Mwaka 1988 huo, ukuta wa Berlin bado umesimama, kwahiyo jasusi wa mwisho angetoka wapi kwingine.

Sasa waambie wanao kitu kimoja. Kabla ya hii, gemu za gari nyingi kazi yako ilikuwa kukwepa. Ukigusa gari ya mtu umepoteza muda. Hapa nusu ya kwanza unakwepa vilevile, una sekunde 60 za kumfikia mtu wako katikati ya magari ya wananchi, lakini ukimuona tu mambo yanageuka juu chini, Raymond anatoa mkono dirishani anabandika taa nyekundu juu ya paa, king'ora kinaanza, saa inajazwa upya, na kuanzia hapo kazi yako ni kugonga. Kile ulichokatazwa dakika nzima sasa ndo unaamrishwa. Mi naamini hiyo ndo siri yote ya gemu hii, na ndo nitakayoitumia kupima matoleo yote hapo chini, ukigonga, unasikia umegonga?

*

Anko Pedi, niko Pangani. Mimi ninayo ya Sega ndogo, naona gari yangu kwa nyuma. Binamu yangu Dar anayo ya Super Nintendo na yeye anaona kama kakaa ndani, mikono kwenye usukani. Tumebishana nani ana feki.
Kijana wa Bweni

Hakuna feki hapo, mna gemu mbili tofauti zenye majina yanayofanana na hilo ni kosa la wenyewe Taito, walipenda kubadilisha majina kama watu wanavyobadilisha laini za simu.

Ngoja nikueleze kwa nini hazifanani maana hapa ndo penye utamu. Ile mashine ya sarafu ilikuwa na prosesa mbili, yaani bongo za mashine, aina ya 68000 zinafanya kazi pamoja, na chipu maalum ya kuvuta picha. Kila gari unayoiona mbele yako ni picha bapa moja, haina pande, haina nyuma, ni kama karatasi imesimamishwa barabarani, na ile chipu inaivuta inakuwa kubwa kidogokidogo kadri unavyosogea mpaka inajaa usoni. Barabara nayo inachorwa mstari kwa mstari, kila mstari unasogezwa kushoto au kulia kidogo, jicho lako linaona kona. Hamna kitu cha pande tatu hapo ndani hata kimoja. Ujanja mtupu, ila ujanja wa mashine kubwa.

Sega Master System, hiyo yako, ina prosesa moja ndogo aina ya Z80 na haina chipu ya kuvuta picha. Sasa walifanyaje? Walichora gari ileile saizi mbalimbali, ndogo, ya kati, kubwa, afu wanazibadilisha chapchap. Ndo maana ukiangalia vizuri jambazi hasogei, anaruka saizi, kama mtu anapanda ngazi. Toleo hilo ni la 1990, mwaka uliofuata wakalibana zaidi likaingia kwenye Game Gear ya mkononi. Na kwa mashine ilivyo, mi naiheshimu, kwa sababu ukigonga unasikia umegonga kiasi cha kuridhisha.

Famicom, mashine ya Nintendo ya Japani, nayo ilipata yake 1989, kabla ya zote hizo. Ile haikutoka Marekani wala Ulaya, kwahiyo ukiikuta mtaani imekuja kwa njia ya hizi mashine za kuiga zenye kaseti za pini 60, zile ambazo nusu ya Ngamiani tumekulia nazo. Ya Game Boy, Nintendo ya mkononi, pia ipo, na hapo mi huwa nacheka peke yangu, dada wa redio anakwambia mtafute mwenye gari nyeupe, mara mwenye njano, mara bluu, na skrini yenyewe rangi yake ni kijani cha mchicha uliochemshwa, magari yote yamefanana! PC Engine, mashine nyingine ya gemu ya Japani, ilipata yake 1990, hiyo ni nzuri kwa rangi, imekaribia ya sarafu kwa sura.

Mega Drive sasa, ile Sega kubwa. Hiyo imekuja 1992, Marekani waliiita Chase H.Q. II, Japani wakaiita Super H.Q., unaona balaa hilo la majina. Hapa unachagua chombo, gari ya mbio, pikapu ya matairi makubwa, au lori la trela. Chagua lori. Usiniulize kwa nini, chagua tu, ukimpata jambazi na lori ndo utaelewa mi naongelea nini nikisema kusikia umegonga.

Ya binamu yako ni Super Chase H.Q. ya 1993, na babu yake si ile ya 1988, ni mashine nyingine ya sarafu ya 1992 inaitwa Super Chase, ile ndo ilileta kukaa ndani ya gari. Mwambie ni gemu halali na dashibodi imechorwa vizuri, ila mi kwangu imepoteza kitu. Ukikaa ndani huioni gari yako inavyoparamia ya mwenzio, unaona kioo tu na mikono, kugonga kunakuwa habari ya kusimuliwa. Yeye atanichukia, sawa.

Katikati hapo kulikuwa na nyingine ya sarafu, S.C.I. ya 1989, gari imekuwa nyekundu, Nissan 300ZX, na mwenzio anatokeza juu ya paa anapiga risasi. Kuna sehemu helikopta inawaletea hadi roketi. Watu wengi wanaipenda. Mi naona bunduki imeharibu, maana kama unaweza kupiga risasi kwa mbali, unagonga ya nini?

Ila ukiniuliza ipi ya nyumbani ndo ya kweli kabisa, jibu ni Sega Saturn, 1996, Japani peke yake, CD moja ina Chase H.Q. na S.C.I. zote mbili. Saturn ilikuwa na nguvu ya kuvuta picha kama ile mashine ya dukani, kwahiyo ngazi hakuna tena, jambazi anakua polepole mbele yako kama inavyotakiwa. Miaka minane watu walisubiri kupata nyumbani kile walichokuwa wanakilipia sarafu.

Kaka yangu mmoja wa hapa barazani kasema nisisahau toleo la kompyuta. Kweli. Waingereza wa Ocean, kampuni ya Manchester, walileta 1989 kwa kompyuta za aina nyingi, ikiwemo ZX Spectrum, na hiyo ilikuja kwenye kaseti kabisa, kaseti ya kawaida ya redio, kama zile tulizokuwa tunasikilizia taarabu ya Black Star na Lucky Star. Unaiweka kwenye redio kaseti, inalia kama paka kabanwa mlango kwa dakika kadhaa, gemu inaingia. Picha yake karibu yote ni rangi moja, kompyuta yenyewe kumbukumbu kilobaiti 48 au 128, na bado mpaka leo wazee wa Spectrum wakitaja gemu zao bora hii hawaiachi. Kwa nini? Kwa sababu inakimbia. Walitupa rangi wakabakisha mwendo na uzito, na mi naona walichagua vizuri kuliko jamaa wa Amiga, kompyuta nyingine ya enzi hizo, ambao walikuwa na rangi zote na barabara inajikokota.

*

Nafika kwa wauza unga kila siku nakwama, muda unaisha wakati gari yao imebaki kidogo tu ife. Nimeanza kufikiri gemu inaniibia.
Mchovu, Muheza

Haikuibii, unajiibia mwenyewe na turbo. Una turbo tatu kwa kila jambazi na mi nina uhakika unazimaliza zote kwa kumtafuta. Kila mtu anafanya hivo mwanzoni, ukiona barabara nyeupe kidole kinawasha.

Fanya hivi. Moja tu itumie njiani, tena kwenye sehemu iliyonyooka na isiyo na magari, sio kwenye kona maana utaenda porini na kurudi barabarani kunakula sekunde kuliko ulizopata. Mbili zilizobaki ziweke kwa ajili yake. Ukishamuona, usimgonge ovyo kwa kumgusagusa ubavuni, unabaki unakuna rangi tu, kaa nyuma yake kabisa, mpe nafasi kidogo, afu achia turbo uingie katikati ya bampa. Kipimo cha uharibifu wake kitapanda. Akishaanza kutoa moshi yeye anayumba, usimfuate kila anapoyumba, kaa katikati atarudi mwenyewe.

Kitu kingine, kuna mahali barabara inagawanyika njia mbili. Ukichukua isiyo sahihi, hufi, ila unazunguka na saa inakula. Ukishajua ya kila levo iandike kwenye daftari, sisi tulikuwa na daftari.

Na gia. Kuna watu wanaanzia kwenye gia ya juu wakitegemea gari itajijua. Anza na ya chini, gari ikishachangamka ndo upandishe, na ukigonga mti au ukisimama shusha tena. Ni kama kupandisha baiskeli yenye abiria pale kilima cha kuelekea Amani, huanzi na gia nzito.

*

Wewe mwandishi. Mwanangu ana miaka kumi na moja, mjomba wake kamletea hiyo mashine, siku nzima anagonga magari na anacheka. Hilo ndo mnalowafundisha? Na polisi gani anakamata mtu kwa kumgonga?
Mama Raskazone

Shikamoo mama. Nakubali kosa la kuisifia sana.

Polisi wa namna hiyo ni wa kwenye gemu tu, wa kwetu anakaa chini ya mwembe na tochi yake, ukipita na 70 kwenye 50 huhitaji kugongwa, unapungiwa mkono tu unasimama mwenyewe unatafuta pochi. Taito walikuwa na shida ya kifundi, mchezaji ana usukani na pedali, hana bunduki wala filimbi, sasa atamkamataje mtu? Kitu pekee alichonacho ni gari lenyewe. Ndo ikawa hivo.

Kwa mtoto, ukimuona anacheka wakati jambazi anafuka moshi mi nisingekuwa na wasiwasi sana, ila siku nzima hapana. Gemu yote ina majambazi watano, anayeijua anaimaliza muda usiozidi wa kuchemsha maharage. Mpe raundi mbili, zima. Na ukipata nafasi kaa ucheze moja wewe mwenyewe, mi nina hisia zangu na wewe utamgonga huyo Ralph kwa nguvu zote.

*

Anko nimenunua mashine na kaseti kwa jamaa mmoja mtandaoni, nikaichomeka kwenye TV ya mzee ya kichogo, picha ni nyeusi na nyeupe na inapanda juu haitulii. Jamaa kaniambia TV mbovu. Afu saa ingine haiwaki kabisa mpaka niipulize kaseti.
Mjukuu, Chumbageni

TV si mbovu, usimpeleke mzee kwa fundi bure. Mashine yako ni ya Japani au ya Marekani, inatoa picha kwa mfumo wa NTSC, mara 60 kwa sekunde, na TV nyingi za zamani zilizouzwa kwetu ni za PAL, mara 50. TV inapokea lakini haielewi rangi, ndo unapata nyeusi na nyeupe, na inahangaika na hiyo mara 60 badala ya 50 ndo picha inapanda. Ukiichomeka kwenye TV ya kisasa ya bapa yenye zile tundu tatu za njano, nyekundu na nyeupe mara nyingi inakubali, nyingi zinasoma mifumo yote miwili. Jaribu kwa jirani kabla hujagombana na mtu.

Na hapa kuna kitu wengi hawakijui. Ukicheza gemu iliyotengenezwa kwa 60 kwenye mashine ya 50 bila kurekebishwa, inakwenda pole kwa karibu asilimia 17. Ndo maana mtu aliyezoea ya Ulaya akishika ya Japani anasema hii imechakachuliwa inakimbia sana. Ndo mwendo wake wa asili huo, wewe ulikuwa unacheza iliyolala.

Kupuliza acha. Acha kabisa. Najua wote tulipuliza, na ilikuwa inawaka, ila iliyowasha ni kule kuichomoa na kuirudisha, mate yako hayana kazi. Unyevu wa pumzi unakaa kwenye yale meno ya shaba, na sisi hapa Tanga tuna hewa ya bahari inayokula hadi bawaba za milango, unaiongezea nini? Chukua pamba ya masikio, chovya spiriti ya dukani, futa meno ya kaseti mpaka pamba itoke safi, acha ikauke kama robo saa. Mi nina kaseti tangu enzi za kibanda changu Barabara ya 12 zinawaka mpaka leo.

*

Hiyo gari nyeusi ni gari gani hasa? Mi dereva, naona kama naijua.
Konda aliyepanda cheo, njia ya Pongwe

Ni Porsche 928, ingawa kwenye gemu hawajaitaja jina. Injini V8 iko mbele na inapozwa kwa maji, wakati 911 ya enzi hizo ilikuwa na injini nyuma inayopozwa kwa hewa. Wazungu wa Ulaya waliipa tuzo ya gari bora ya mwaka 1978. Ya Ralph ile nyeupe ni umbo la Lotus Esprit, ya Carlos ni Lamborghini Countach. Kwa barabara zetu ya kwanza kukatika chini ingekuwa ya Carlos, tuta la kwanza tu.

*

Anko, wewe uliwahi kukaa kwenye ile yenyewe ya usukani? Sema ukweli.
Mchokozi wa baraza

Sijawahi. Niseme mara ngapi. 1988 bara hatukuwa hata na kituo cha televisheni, ITV imeanza 1994, watu walikuwa wanaangalia kanda za video kwa kiingilio, mashine ya Kijapani yenye usukani na kiti nani angeileta Ngamiani na aiwekee sarafu gani, ya shilingi iliyokuwa inashuka thamani kila wiki? Niliijua kwa Master System kama nyie wote, nikadhani ndo yenyewe.

Ile halisi nimekuja kuiona ukubwani kwa emuleta, yaani programu ya kuiga mashine ya zamani, kwenye kompyuta, na usukani wa plastiki niliofunga kwa mpira wa tairi la baiskeli kwenye meza ya mke wangu. Nikamfikia Ralph, Raymond akabandika ile taa, nikagonga, meza ikasogea, kikombe kikaanguka. Nilielewa wote tulikuwa tunacheza kivuli chake. Nikaanza upya toka mwanzo.

*

Naipata wapi sasa hivi kihalali?
Mdogo wa Sahare

Kulikuwa na ya PC Engine kwenye duka la mtandaoni la Wii, mashine ya Nintendo, lakini lile duka limefungwa Januari 2019. Kwahiyo mi ningeenda mtumba, ningeanza na kaseti ya Master System, kaseti ya Ulaya kwenye mashine ya Ulaya na TV ya PAL, hapo hutapata tabu ya huyu mjukuu wa Chumbageni. Kabla hujalipa mwambie muuzaji aiwashe mbele yako na amfikie jambazi wa kwanza. Akishindwa kumkamata, mpe wewe pedi.